Mpanda Farasi Saba

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba.
Mimi tangu Jumatatu nimepanda sita,
kwa zamu, mmoja mmoja, na msamba ningali nao,
ila leo kukaa ni kazi.
Gari la kukodi linanuka jasho la tandiko
na mkate wa jibini nilioukalia
mahali fulani kati ya Athlone na Loughrea.
Mvua ya Ireland hainyeshi. Inakaa tu hewani,
kama mgeni aliyekwisha kuaga na haondoki.

Mfukoni nina barua ya Bi Godelieve wa Ghent,
miaka sitini na mmoja, nyonga moja ya chuma.
Wateja wengine huandika kimo, rangi, nasaba hadi babu.
Yeye kaandika: Sitaki farasi mzuri.
Nataka atakayenisubiri nikipanda.
Neno *atakayenisubiri* kalipigia mstari
hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Wa kwanza, kule Meath, aling'ara kama kiatu cha bwana harusi.
Alinipeleka shoti mpaka kwenye ua wa miiba,
akasimama.
Mimi sikusimama.
Wa tatu alikohoa.
Wa nne alikuwa mpole, mpole kupita kiasi;
nikapenyeza vidole chini ya tumbo, pale mkanda unapobana,
nikakuta chumvi ya jasho, imekauka, ya alfajiri.
Walikuwa wamemzungusha kwa kamba hadi akaishiwa ubishi.
"Hajaguswa tangu Jumapili," alisema mwenye mali.
Nikamshukuru kwa chai. Biashara haigombi.
Wa tano na wa sita siwasemi.

Kwa Fintan Tuohy nilimfuata wa saba, mwekundu,
singa zimesukwa, kwato zimepakwa mafuta.
Binti yake Sorcha akampanda kwanza
(sipandi farasi ambaye mwenyewe anamwogopa)
na mambo yalikwenda vizuri
mpaka mfuko wa plastiki ulipoinuka kwenye tope,
mfuko mmoja, mweupe, hauna hata upepo wa kutosha.
Sorcha alirudi kwa miguu.

Nikazunguka nyuma ya banda kunawa mikono.
Hapo palikuwa na jike wa kijivu, tumbo kama pipa,
sikio moja limekatika ncha,
na mtoto wa miaka sita juu ya ndoo iliyopinduliwa
akijaribu kurusha mguu usiofika.
Ndoo ikateleza. Mtoto akaingia chini ya tumbo.
Yule jike alikuwa ameinua kwato la mbele;
akaliacha hewani,
hakulishusha
mpaka mtoto alipotambaa akatoka, akaitafuta ndoo,
akaanza upya.

"Yule je?"
"Yule hauzwi," alisema Fintan. Kisha, kwa adabu:
"Lakini mpande."
Nikampanda vibaya, kwa makusudi:
nikavuta singa, nikaning'inia kwenye kikuku,
nikaburuta nyonga kama chuma cha mtu mwingine,
nikajitupa juu kama gunia la viazi.
Akashusha pumzi. Hakuhama hata unyayo.
Telki yake ilikuwa ya kugonga meno,
na sikutaka kushuka.

Fintan alitaja bei ya kunifukuza.
Nikampigia simu Bi Godelieve, nikamtajia.
"Nitailipa," akasema, bila kuvuta pumzi. "Anasubiri?"
Mtoto alikuwa amesimama karibu, ndoo kifuani,
hasemi, ananitazama mdomo.
"Anasubiri," nikasema. "Anamsubiri mtu mwingine."

Kimya kutoka Ghent. Kijiko kikagonga kikombe.
"Basi endelea kutafuta," akasema. "Ila niulizie jina lake."

Mtoto alisema kwenye hati ana jina refu, la kizamani,
yeye humwita Njoo.
"Na huja?"
"Hapana," akasema, akiweka ndoo chini. "Huenda mimi."

Kesho Ennis, saa tatu. Wa nane.
Nimeupangusa usukani. Nimekalia koti.